Wanasesere Waliobadilishwa

Bi Harusi hakuwepo. Mahali pake kwenye rafu alikaa kituko cha mti chenye masikio makubwa na rangi iliyobambuka shavuni, kimejikalia kama mpangaji aliyehamia bila kubisha hodi.

Mkaguzi alisimama akiwa na kofia mkononi, machale yakamcheza. Jina hilo la Mkaguzi alilipata ghalani, alikokagua mizigo. Walisema boksi likifunguliwa na kufungwa tena, yeye hulijua kwa kulitupia jicho tu. Naye alikuwa mwepesi kukubali sifa hizo.

Bi Harusi hakuwa wa kwanza. Jumapili iliyopita alitoweka Bi Mdogo, na kabla yake mapacha wa kitambaa. Wote walikuwa wazuri, nyuso laini zilizochorwa kwa brashi, kope moja moja. Na kila aliyeondoka, nafasi yake ilichukuliwa na kioja: wa mti, wa udongo, wamebanduka rangi, vichwa vimejaa mabonde na milima.

Mama yake alikuwa amewakusanya kwa miaka, mmoja mmoja, kwenye meza za vitu chakavu, kwa bei ya kutupa. Wenye thamani hakuwataka. Aliwataka wale wa kale waliochezewa mpaka wakachoka, wasio na mwenyewe. Tangu alipofiwa na mumewe, hao ndio waliokuwa watu wa nyumba ile. Aliwaamkia asubuhi, aliwagombeza wakianguka. Kwa Mkaguzi, aliyemwibia mama yake mwanasesere alikuwa amemwibia mjukuu.

"Mama, Bi Harusi yuko wapi?"

Mama alikuwa kitini karibu na dirisha, akimsuka nywele mwanasesere aliyempakata. "Si yupo hapo hapo? Wamebadilishana nafasi tu. Umekula, mwanangu?"

"Mimi simwoni."

"Basi hujatazama vizuri." Mama akacheka peke yake.

Dada wa kazi aliingia na chai. Akaweka kikombe mezani, akakigonga kwa kijiko, ting, ndipo akageuka kuondoka. Mkaguzi alimkata jicho. Hata kuandaa chai kistaarabu hajui, aliwaza.

"Dada, hii midoli mipya mbona ina sura mbaya hivi?"

"Mama ndiye anayeipenda, kaka." Alilijibu zulia, hakumtazama usoni. Kwa Mkaguzi, hilo lilitosha.

Hofu yake ilikuwa nyingine, na hakuificha. Alikwisha kumwambia mama yake kwamba siku atakaposhindwa kujitegemea atamhamishia kwake ghorofani, na huko midoli haina pa kukaa. Mama kila mara alijibu kwamba nguvu bado anazo, amwache na watu wake. Sasa kama msaidizi mwenyewe ni mwizi, basi siku yenyewe imefika. Wazo hilo lilimuuma Mkaguzi. Lakini bora mama alie kuliko kuibiwa, alijiambia.

Jumamosi alimfuatilia yule dada hadi mtaa wa vitu vikuukuu, akajibanza nyuma ya makoti yaliyotundikwa. Dada alitoa kwenye kikapu mwanasesere wa kitambaa mwenye mashavu ya waridi, akampa muuzaji. Kisha akainamia meza ya wanasesere. Akafumba macho. Akawapitishia vidole usoni mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayetafuta ufa.

"Huyo kafifia rangi zote," muuzaji alimwambia.

"Rangi si kitu," dada alijibu, akamtia kikapuni.

Kumbe ana ujuzi kabisa, Mkaguzi aliwaza, damu ikimchemka. Dada alipokwisha kwenda, alijitokeza.

"Yule mwanamke unampa nini kwa siri?"

"Nimpe nini, bwana? Tunabadilishana tu. Ananiachia mzuri, anachukua kibaya. Mimi nimkataze?"

Hakuna mtu wa hivyo duniani, Mkaguzi aliona. Lazima kuna kitu kinapita chini ya meza. Na pale pale mezani, kati ya birika na saa mbovu, Bi Harusi alikuwa akimtazama kwa yale macho yake yaliyochorwa. Alimnunua bila kuuliza bei mara mbili.

Kesho yake alivuta kiti mbele ya mama yake na kumwita dada.

"Leo utafungasha vitu vyako."

Dada akauma midomo. "Mwambie, mama," akanong'ona. "Tafadhali mwambie."

"Aniambie nini? Nimeona kwa macho yangu!" Mkaguzi akamweka Bi Harusi mikononi mwa mama yake. "Shika mwenyewe, Mama! Nimemkuta sokoni, na aliyempeleka ni huyu!"

Mama alimpapasa gauni, mishono, ukosi wa lesi. Alipofika usoni, vidole vilipita polepole juu ya kope, juu ya midomo myekundu, juu ya kidoti cha shavuni. Hakuna kilichokuwa kimefutika hata kidogo.

"Usimwonee mwenzako," Mama alisema. "Nilimtoa mimi. Nililia siku ile, muulize dada."

"Kwa nini, Mama? Hapa ndani hakukuwa na mzuri kama huyu!"

Mama aliendelea kumpapasa Bi Harusi usoni. Mkaguzi kukaa kukamshinda. Aliinuka, akapita juu ya zulia zito bila kutoa sauti, akaenda kusimama kwenye rafu, nyuma ya mama yake, mbele ya vile vioja vyenye masikio makubwa.

"Nilimtoa kwa sababu hana tena uso, mwanangu," Mama alikijibu kiti kitupu.