Amri ya Mfumo wa Jirani

Siku hizi kila mtu hupumua kwa pafu la mashine. Pafu la Tunu, kama la mama yake Mwanaidi, linaendeshwa na mfumo huria uitwao Mwale. Mwongozo wa Mwale hauelezi kitu kikaeleweka, hivyo akina mama mtaani husoma ule wa mfumo mwingine, Kusi.

“Mama, kifua kinabana!”

“Acha kelele, natengeneza.”

Mwanaidi akanakili amri ya kusawazisha pumzi kutoka mwongozo wa Kusi, akaiingiza kwenye skrini ya pafu la Tunu. Tunu akatulia. Jirani yao, Bi Zamzam, akachungulia skrini.

“Shoga, umekoroga! Kwetu Mwale, amri hiyo inaunganisha pafu la mtoto na lako!”

Mwanaidi akaduwaa, pumzi ikamkwama. Mbele yake, kifua cha Tunu nacho kikaacha kupanda.