Sauti ya Kutosha

Glenys alipoanza kupiga gitaa kwenye amplifaya ya tatu, mteja wake alifungua mlango wa duka, akatoka, akasimama mvuani.

Alimwona kupitia kioo cha dirisha: mzee mrefu, koti limeanza kulowa, ameligeuzia duka mgongo na kichwa amekiinamisha upande mmoja. Glenys akaendelea kupiga. Katika miaka yake ya kuuza vyombo vya muziki hapo Dudley alikuwa ameona vituko vingi vya wapiga gitaa, lakini mtu wa kusikilizia nje hakuwahi kumpata.

Mzee akarudi ndani, akafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Hapana, dada," alisema. "Sauti inafia mlangoni."

"Mzee wangu, hiyo ndiyo sifa yake." Glenys aliliweka gitaa chini. "Nisikilize. Amplifaya za vali zina tabia zao. Hizi taa za kioo zilizomo humu, ukizibembeleza zinakupa sauti safi tu, isiyo na ladha. Ukizikaba mpaka zilemewe, ndipo unapata ule mkwaruzo wa roki ya zamani. Sasa kubwa, mpaka ilemewe, itakuwa imeshatikisa mtaa mzima. Hii ndogo inalemewa mapema. Unajipigia zako sebuleni, na jirani hajui hata kama upo."

"Hajui kama nipo."

"Kabisa."

"Basi siyo hii," alisema mzee.

Jina lake Roy Bissell. Habari zake alikuwa amezimwaga zote mara tu alipoingia, kama mtu aliyekaa muda mrefu na maneno mdomoni. Ujanani alipiga gitaa katika bendi ya vijana wanne wa kiwanda kimoja cha vyuma, wakizunguka kwenye baa na klabu za wafanyakazi kuanzia Tipton mpaka Wolverhampton. Hakuoa. Ndugu zake walikuwa bendi. Mwimbaji alitangulia kufa, mpiga gitaa la besi akamfuata, na Ken, mpiga ngoma, alichukuliwa na binti yake mwaka jana wakahamia Australia. Amplifaya yake ya enzi hizo iliuzwa siku nyingi. Gitaa lilibaki kabatini.

"Una majirani?" Glenys aliuliza.

"Nyumba zetu zimeungana. Yupo Leanne na binti yake. Watu wazuri, ila wana haraka zao. Tunapungiana mikono."

"Na ukuta?"

"Mwembamba. Akipiga chafya namsikia."

Glenys alicheka. "Basi ukilichukua lile dubwana pale pembeni, hata wimbo mmoja hutaumaliza. Atakuja kukugongea na sufuria mkononi."

Roy hakucheka. Alilitazama lile dubwana: sanduku jeusi lenye spika mbili, kona zimechubuka, mpini wa ngozi umekatika upande mmoja.

"Iwashe," alisema.

Glenys alisubiri vali zipate moto. Roy alikuwa ameshatoka, na safari hii alivuka barabara kabisa, akasimama mbele ya duka la mikate. Glenys akafungulia sauti, akazipiga nyuzi zote kwa pamoja. Mlio ukatoka na kishindo chake, mzito, wenye mchanga kooni. Ng'ambo ya barabara, mama mmoja aliyebeba mikate aligeuka kutazama kulikoni. Roy akarudi huku anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hii."

"Una hakika? Nina kikasha cha kuibana sauti. Nitakupa bure, uishi kwa amani na watu."

"Ukiibana haiwi yenyewe, dada."

Glenys alimheshimu kwa neno hilo. Wateja siku hizi walitaka ngurumo ya zamani kwa sauti ya kunong'ona. Huyu alikuja akijua anachokitafuta. Alimsaidia kulipakia garini, wakasukuma pamoja mpaka likaingia.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Roy alilisogeza lile sanduku mpaka likagusa ukuta wa upande wa Leanne, akaketi kwenye kiti kilichoelekea mlango. Aliangalia kama nywele zake zimelala vizuri. Kisha akavaa gitaa.

Vidole vilikuwa vimeshakuwa vigumu. Alikosa nyuzi, akarudia, akakosa tena. Lakini mkwaruzo ulikuwa uleule, ule uliokuwa ukimtoa Ken jasho nyuma ya ngoma zake, na nyumba iliyokuwa kimya tangu Ken aondoke ikajaa mpaka vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka. Roy alifumba macho. Kwa muda kidogo walikuwa wanne.

Ukuta ukagongwa. Akaendelea. Ukagongwa tena, kwa hasira zaidi. Akanyoosha mkono, akaongeza sauti.

Halafu ukagongwa mlango.

Roy alizima amplifaya, akavua gitaa polepole, akaenda kufungua. Leanne alikuwa amesimama kwenye manyunyu na ndala za ndani, binti yake nyuma akiwa ameziba masikio.

"Mzee Roy, ndiyo nini sasa? Jumapili yenyewe? Nimegonga ukuta mpaka mkono unaniuma."

"Nisamehe sana, Leanne," alisema Roy. "Sikufikiria kama ingefika mpaka kwenu."

Akasogea pembeni kuwapisha. Sebuleni nyuma yake meza ilikuwa imeandikwa kitambo: birika la chai chini ya kifuniko chake cha sufu, keki imeshakatwa, na vikombe vitatu.