Askari Aliyeupa Uwanja Mgongo

Shuka lilipovutwa, bendi ilipiga noti mbili, ikanyamaza. Uwanja mzima wa Rivalunga ulikuwa unatazama mgongo.

Askari wa jiwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, kinyume, amekipanda kama farasi, kifua kimeegemea pale ambapo mtu huegemeza mgongo. Hana bunduki, hana kofia ya chuma. Kichwa kimeinamia mikono, na mbele yake palikuwa na ukuta wa kanisa, karibu kiasi kwamba usingeweza kupenya ukamwona uso.

"Huyu tumemkosea nini?" akauliza muuza maziwa, na watu wakacheka kicheko cha aibu.

Meya alikuwa ameagiza askari mwenye bendera, anayemshambulia adui. Padri Celso, ili kuokoa sherehe, akasema askari yule anasali. Mwalimu Ermes akapinga: hiyo ni ishara ya uchovu wa taifa, vita vimekwisha, mtu amekaa. Kilabuni hawakuwa na jambo lingine kwa wiki nzima. Mmoja aliapa kwamba askari anamngoja mkewe aje amkande. Duilio, mchongaji mwenyewe, aliwaacha wabishane, akanywa grapa yake, pombe kali ya zabibu.

Gelinda peke yake hakuuliza kitu. Lile bega la kushoto, lililoshuka kidogo kuliko la kulia, alilijua. Miaka mitatu alikuwa amelala nyuma yake. Lilikuwa bega la mumewe Amedeo, aliyebeba magogo tangu alipopata nguvu za kuyainua.

Jina la Amedeo halikuwamo kati ya majina thelathini na moja yaliyochongwa chini ya sanamu.

"Makarani wa Roma hao, shemeji," Duilio alimwambia. "Wanapoteza watu kwenye karatasi kama walivyowapoteza milimani. Ndiyo maana nimemweka yeye mwenyewe."

Alikuwa amemposa Gelinda tangu Pasaka, harusi ilikuwa Septemba, na bado ulimi wake ulikuwa haujaacha kumwita shemeji.

Amedeo na Duilio walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Waliitwa jeshini siku moja, wakaingia kikosi kimoja. Ni Duilio aliyeandika barua, mwaka ule wa 1917: Amedeo alituacha alfajiri, hakuteseka, nami nilikuwa nyuma yake mpaka dakika ya mwisho. Barua hiyo ndiyo iliyomshikilia Gelinda asipotewe na akili, kwa kuwa majuma matatu kabla yake alikuwa amemzika mtoto. Homa. Amedeo alikuwa nyumbani kwa likizo, na siku ya kurudi ilipofika Gelinda alimshika koti. Kaa siku mbili tu, alimwambia, tumzike pamoja. Akakaa.

Basi kila asubuhi, akienda kuchota maji, Gelinda alipita uwanjani akapangusa umande kwenye ule mgongo wa jiwe kwa ncha ya mtandio wake. Watu wakamzoea.

Mwezi wa Agosti akaja mnoa visu, mgeni kutoka bonde la pili, mguu mmoja akiuburuta. Gelinda alimpelekea mundu. Mtu yule aliinua macho mara moja tu, akaiona sanamu, na gurudumu lake la kunolea likasimama. Akavua kofia.

"Nani amethubutu kuiweka hii hadharani?"

"Kwani wewe umeielewa?" Gelinda akasema. "Hapa kila mtu ana fumbo lake."

"Mama, hii haina fumbo. Ndivyo walivyokuwa wakiuawa watu wetu. Si na Waaustria, la. Na sisi. Jeshi likishakuita msaliti hufai kupigwa risasi ya kifua. Unakalishwa kitini namna hiyo, unapigwa ya mgongo." Akaipangusa kofia yake, ingawa haikuwa na vumbi. "Kikosini kwetu walimkalisha mmoja kwa kuchelewa kurudi likizo."

"Alichelewa siku ngapi?"

"Siku moja na nusu."

Gelinda aliuacha mundu palepale. Alipanda njia ya kwenda karakana ya Duilio huku akimlaani kila aliyemjia akilini: kapteni, mfalme, makarani, na mwanamke mmoja mjinga aliyemshika mumewe koti. Miaka minne alikuwa ameyapigia magoti mapenzi ya Mungu, kumbe ni mapenzi ya ofisi fulani. Duilio pekee hakuweza kumlaani. Alimdanganya, ndiyo, lakini kwa huruma. Na alipopata jiwe, akaisema kweli mbele ya meya na bendi yake. Alipofika mlangoni alikuwa karibu kumshukuru.

Duilio alikuwa amejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

"Mimi ndiye niliyemzuia," Gelinda akasema. "Walimuua kwa siku zangu mbili. Na wewe ulijua."

Duilio akaweka patasi chini taratibu. "Nilijua."

"Basi ungemtendea haki mpaka mwisho. Umekumbuka bega lake, Duilio. Umekumbuka hata kola ilivyokunjika. Kwa nini uso wake ukauficha?"

Mikono ya Duilio ilining'inia kama ya mtu mwingine.

"Sikuuficha," akasema. "Kutoka pale tulipopangwa na bunduki zetu, mgongo tu ndio ulioonekana."