Jani la Asubuhi

Mzee Salpador aliweka majani manne juu ya mkeka, akataja majina ya matatu.

"Ilau. Weipwul. Rehdil. Unachemsha pamoja, kikohozi kinakimbia chenyewe."

"Na hili la nne, Babu?"

"Hilo niachie. La asubuhi."

Kadalina akacheka, akaandika matatu. Alizaliwa hapa hapa Kitti, lakini alipelekwa Honolulu akiwa bado anabebwa mgongoni, akarudi mtu mzima na daftari mkononi. Wageni waliotaka kutoa kitabu cha mimea ya kisiwa chetu cha Pohnpei walimpa kazi ya kukusanya majina na matumizi yake kabla wazee hawajaisha. Na mzee aliyeijua mimea ya mlimani kuliko wote alikuwa babu yake mwenyewe. Bahati gani tena?

Ila kila dawa ilikuwa na mchezo ule ule. Mizizi mitano, majina manne. Magome mawili, jina moja. Akiuliza, jibu ni la asubuhi. Asubuhi ikifika, mzee anakunywa chai yake na kuzungumzia mvua.

Siku ya kusomwa kwa rasimu, kijiji kizima kilikuja. Kadalina alisoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, hadi Mama Iolina akainua mkono.

"Binti, ile ya kikohozi uliyonipa niliipika juzi. Nimepata chai nzuri kabisa."

Wanawake wakaangua kicheko.

"Msimlaumu mtoto," mwingine akasema. "Salpador bado yupo sana, huyo."

Wakacheka zaidi. Mhariri mgeni hakucheka. Alitia miwani yake kwenye kijaluba, akasema kitabu chenye mapengo hakichapwi, na kwamba anangoja hadi Ijumaa. Kadalina alitamani ardhi ipasuke immeze. Miezi saba ya kupanda milima, na sasa anaonekana msichana wa Honolulu asiyejua hata kuuliza.

Jioni hiyo alifika nyumbani uso umemvimba kwa hasira. Wanaume walikuwa wanaponda mizizi ya sakau, kinywaji cha heshima, juu ya jiwe, wakingoja kunywa, na babu yake amekaa katikati yao. Hakusalimia mtu.

"Babu, kumbe wewe ni mkono wa birika. Watoto wanakohoa, na wewe umeyakalia majani kama kuku anayeatamia."

Mawe ya kupondea yakanyamaza yote kwa pamoja.

"Kadalina," alisema Shangazi Mina, dada wa baba yake, "funga mdomo wako."

"Sifungi. Si mchoyo huyu? Nani hapa ataniambia si mchoyo?"

Hapa kwetu mzee akiitwa mchoyo mbele ya sakau, hata wasiohusika huona haya, na wote walitazama chini.

"Kesho lete daftari," akasema Mzee Salpador.

Kesho yake walitembea tangu alfajiri. Mzee hakutaka kupumzika wala kula. Alishika kila jani lililokuwa limebaki, akalitaja jina na kazi yake, akamfanya mjukuu alirudie mpaka alitamke sawasawa. Kumi na tisa. La mwisho, lile la kikohozi, lilikuwa dihng, mmea mwekundu uliosimama miaka yote kando ya mlango wa jiko lao. Kadalina alikuwa akianika taulo juu yake.

"Umebaki na lipi, Babu?"

"Sina."

Hapo ndipo aibu ilipomwingia kweli. Mzee wa miaka themanini, miguu imejaa matope, ametoa vyote bila neno moja la kinyongo, na yeye alimtukana mbele ya watu. Alitaka kuomba radhi. Nitamwomba kesho, alijiambia.

"Nipigie pasi shati langu jeupe," mzee alisema, akaenda kuoga.

Asubuhi Kadalina aliamshwa na kelele za nguruwe. Majirani walikuwa wanapanda njia, wawili wawili, wamebeba viazi vikuu vikubwa kwenye miti, na nyuma yao wengine na mashina ya sakau. Alitoka mbio kuwapokea, moyo umemjaa furaha na haya.

"Karibuni jamani. Lakini kitabu bado hakijachapwa."

"Kitabu gani?" aliuliza jirani yao, Welter, bila kumtazama. "Tumekuja kumuaga mzee."

"Anakwenda wapi?"

Welter akampita. Ndani, babu yake alikuwa amekaa kwenye mkeka na shati lake jeupe, mzima wa afya, anamenya ndizi. Alimpa nafasi kando yake.

"Kaa. Nisomee ile ya kikohozi, nisikie kama umeandika sawa."

Akasoma, yote manne. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Shangazi Mina, aliyekuwa mlangoni, akaangua kilio.

"Shangazi, unalia nini? Babu haumwi hata jino."

"Kila mtu hapa hubakiza jani moja moyoni asilolitaja, ndilo la kumwamsha kesho yake; akilitoa, ameaga. Wewe ulidhani anakunyima nini?"

Kadalina alichana kurasa zote za jana, akazisukumia mikononi mwa babu yake. Mzee alizinyoosha moja moja, akazikunja vizuri, akamrudishia. Huko nje nguruwe wa matanga alikuwa ameshachinjwa.