Mkataba wa Kobe

Nyegere, mpenzi wa asali asiyependa karatasi, alifungua duka, akamchukua Kobe awe mbeba mizinga. Siku moja mzinga ukamwangukia Kobe, gamba likapata ufa. Akaomba matibabu.

"Kwani nimekuajiri?" Nyegere akashangaa. "Hapa sisi ni ndugu, tunasaidiana tu."

 Jioni Kobe akafika nyumbani kwa Nyegere na mkeka wake, akajilaza sebuleni.

"Ndugu akiumia anauguzwa nyumbani," akasema. "Nipikie uji, kaka. Kesho shangazi zetu kumi na wawili wanakuja kunijulia hali."

Nyegere akatazama sufuria yake moja. Kabla uji haujachemka, alikuwa ameshaandika mkataba wa kazi, matibabu yakiwa kifungu cha kwanza.

Kobe akausoma polepole, akatia sahihi. "Asante, bosi."

Nyegere akacheka, akamtilia asali kwenye uji. "Kunywa, ndugu yangu."