Kigoda cha Walaku

Wallahi, nikiongopa radi inipige: haya ni kweli tupu. Enzi hizo kila jamii ndogo ya asili ilikuwa na kiti bungeni, hata ikibaki na watu wawili. Mbunge wake alizungumza na kupiga kura akiwa nyumbani, juu ya kigoda chenye kunasa na kutoa sauti, ila sharti kwanza awaulize wazee wake.

Chengo alipata kigoda cha Walaku, mojawapo ya jamii hizo, kwa kuoa kwao. Siku ya muswada wa kuiuza chemchemi yao, sauti ya Spika ikatoka kigodani: "Mheshimiwa, wazee wanasemaje?"

Chengo alikwisha kuwaahidi wakubwa wa serikali kura yake. "Tumekaa nao sana," akajibu, shingo imemvimba. "Wamekubali kwa kauli moja."

Jikoni ungo ukanyamaza.

"Wazee gani, baba?" mama mkwe akauliza. "Si nimebaki mimi tu? Nami tangu asubuhi nakupepetea mtama."

Bunge zima likaangua kicheko. Chengo akatamani ardhi immeze. Akainuka, akamwachia mkwewe kigoda, akaketi sakafuni.

Spika akamkaribisha mbunge mpya, akamtaka naye akawaulize wazee wake kwanza.

Bibi akatazama mlangoni, kisha akamgeukia mkwewe. "Nikamuulize nani, baba?"