Pua Mbili za Gari la Kombo

“Washa tena!” fundi Kristofa alisema kutoka uvunguni, na Shaib akawasha. Gari likakohoa, likatema moshi mweusi mpaka kwenye kamba ya nguo. Safari hii banda lilikuwa wazi.

Mwanasiti alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa uani, mavazi meupe ya eda mwilini, tasbihi mkononi. Siku ya kumi na tisa. Mwanamke wa eda hatoki kwenda gereji, kwa hiyo gereji ililetwa kwake, hapa hapa Nguvumali. Aliyemwita fundi ni yeye.

Kombo, mumewe, alikutwa ndani ya gari hili Jumatano asubuhi, mlango wa banda umefungwa, injini inanguruma. Mtaa ukasema lake. Mtu kapunguzwa kazi kiwandani, kiinua mgongo chote kakitia kwenye gari la Dubai awe dereva wa teksi, gari lenyewe likawa linakunywa petroli kuliko nauli inayoingia. Mtu huyo hakufa, wakasema, amejiua. Siku ya maziko imamu alipata udhuru. Kombo akasaliwa na watu wanane. Na Shaib, kaka yake mkubwa, akatamka mbele ya wazee kuwa hitma ya arubaini haitasomwa mpaka ijulikane kama ile ilikuwa ajali au mkono wa Kombo mwenyewe.

“Banda alilifungia nini?” Shaib aliuliza, uso ameuelekeza kwenye pazia.

“Mvua, shemeji. Ilikuwa inapiga kwa upande huu.”

Shaib akaguna.

Kristofa alitoka uvunguni, akajifuta mikono kwenye suruali. “Mzee, gari hizi za siku hizi zina pua. Mbili. Sisi mafundi tunaziita sensa. Moja iko jirani na injini, nyingine huku nyuma kwenye bomba. Zinanusa moshi, zinaiambia injini kama petroli imezidi au imepungua.”

“Gari lina pua!” Shaib alicheka kwa kebehi. “Na mafua linapata?”

“Ndiyo hayo yaliyolipata, kama sikosei. Petroli yetu ina madini ya risasi, na risasi hiyo inaziua pua hizi. Ukifunga mpya, miezi michache imekufa. Mimi magari ya namna hii hapa Tanga nimeyachoka.” Akachukua mita yake ya kupimia umeme. “Tena sensa huipimi gari likiwa baridi. Lazima uwashe mpaka injini ichemke, ndipo utie waya.”

Shaib aliacha kucheka. “Kwa hiyo mtu akitaka kuzipima…”

“Atawasha, atakaa nalo robo saa, nusu saa. Tukizikuta mbovu, marehemu alikuwa kazini, moshi ukamzidi. Tukizikuta nzima…” Fundi akamtazama Shaib, halafu akatazama pazia, akapunguza sauti. “Nzima mtu hazitafuti, mzee.”

Punje za tasbihi zilisimama kwenye vidole vya Mwanasiti.

Injini ilinguruma kwa muda mrefu. Kristofa alichomeka waya kwenye sensa ya kwanza, mita akampa Shaib. “Nisomee. Mshale unacheza?”

“Umelala.”

“Ngoja nikanyage mafuta. Sasa?”

“Umelala vilevile.”

“Kwa sensa nzima ungekuwa unapanda na kushuka, hautulii. Twende kwenye ya pili.”

Ya pili nayo mshale ulilala. Kristofa alizima gari, akangoja bomba lipoe, akaingia na spana. Alipotoka alikuwa na sensa zote mbili kiganjani, vichwa vyake vimeganda ukoko wa kijivu.

“Hizi ni maiti,” alisema. Kisha akazigeuza juani, akakunja uso. “Ila zimelegea kirahisi mno. Gari la pwani, nati zingekuwa zimeshikana kwa kutu. Hizi zimefunguliwa juzijuzi.”

Shaib akainua kichwa.

“Kila siku alikuwa akizifungua, baba,” Mwanasiti alisema nyuma ya pazia, taratibu, kama anayemsomesha mtoto. “Anazisugua kwa brashi, anazirudisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi.”

“Aa. Basi ndiyo maana.” Kristofa akatikisa kichwa. “Masikini! Ukizisugua hazifufuki.”

“Unaweza kuyasema haya mbele ya imamu?” Shaib aliuliza.

“Mimi Mkristo, mzee, lakini nitayasema. Alikuwa anapima. Alikufa mikononi mwa kazi yake.”

Shaib akaketi kwenye tairi la akiba, akajifunika uso kwa kofia yake. Alilia kama wanavyolia wanaume wazima, mabega bila sauti. “Nimemdhulumu ndugu yangu. Shemeji, nisamehe. Arubaini tutasoma, tena msikitini, na imamu atasimama mbele. Nakwenda kwake sasa hivi na hizi pua zake mkononi.”

“Mungu akulipe, shemeji.”

“Amrehemu Kombo.”

“Amina,” Mwanasiti aliitika. Alingoja uzito wa kifuani upungue. Haukupungua.

Walipoondoka alifunga mlango wa uani, akaingia chumbani, akatia komeo, akainua godoro. Sensa mbili mpya zilikuwa pale ndani ya kipande cha kanga, kama alivyozifungua mwenyewe garini ile Ijumaa ya baada ya maziko, wanaume walipokuwa msikitini, na mahali pake akazirudisha zile kuukuu. Kombo alikuwa amezifunga Jumatatu, akazipima mbele yake, mshale ukapanda na kushuka vizuri. Jumatano alfajiri ndipo alipoingia bandani.